Ukubwa wa Inchi Unapimwa Juu ya Nini?

Wanafunzi wenzetu, katika somo la jeografia kila mmoja wetu anajua kujibu upesi: inchi yetu iko na kilometa za mraba 2,345,000. Wengine wanaongeza kwa furaha kwamba Ubelgiji, wenye 30,528 tu, ungeingia ndani yake karibu mara 77. Vema. Lakini kuna swali moja ambalo hatuulizwi: juu ya nini Benki ya Dunia inaandika ukubwa huu kati ya vipimo vyake vya maendeleo, pamoja na masomo, maji safi na vifo vya watoto? Udongo hauendelei. Inchi iliitwa Zaïre toka 1971 mpaka 1997, kiisha ikarudia jina la Congo, na ile hesabu haikusogea hata kidogo.

Jibu njo hili. Ukubwa peke yake hausemi kitu juu ya maendeleo, lakini hesabu nyingi zinagawanywa nao. Watu wangapi kwa kilometa moja ya mraba, pori ngapi kwa mia, mashamba ngapi kwa mia: zote ziko na ukubwa wa inchi chini ya mstari. Na kila mwanafunzi aliyesoma kugawanya anajua kwamba ukibadilisha namba ya chini, jibu linabadilika, hata kama kule kijijini hakuna kitu kilichobadilika.

Na namba ya chini si moja, ziko mbili. Ya kwanza ni eneo lote, udongo pamoja na maziwa na mito. Ya pili ni udongo mkavu tu, maji yametolewa. Kwetu ya pili ni 2,267,050. Tofauti yake ni karibu 78,000, maana maji yetu peke yake yanapita Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja! Uganda iko na 241,550 ukihesabu yote, lakini udongo wake ni 200,520. Malawi, moja ya tano yake ni maji.

Tuangalie jirani. Rwanda walihesabu watu mwaka 2022, wakapata 13,246,394. Tukigawanya na eneo lote, 26,338, tunapata watu 503 kwa kilometa ya mraba, na hii njo namba waliyotangaza. Tukigawanya na udongo mkavu, 24,670, tunapata 537. Watu 34 wameongezeka kwa kalamu tu, hakuna mama aliyezaa. Hakuna aliyedanganya, lakini anayelinganisha inchi mbili sherti aulize kwanza kama zimegawanywa namna moja. Vilevile pori letu: shirika la FAO la kule Roma liliandika kwa mwaka 2020 hektari milioni 126 hivi. Kwa udongo mkavu ni karibu 56 kwa mia, kwa eneo lote ni karibu 54.

Sasa, namna gani inchi inapimwa? Hakuna mtu anayetembea na kamba. FAO inatuma karatasi za maswali kwa serikali, na serikali zinajibu kwa karta zao. Zamani wapimaji walizungusha juu ya karta chombo kinachoitwa planimetre, siku hizi picha za setilaiti zinasaidia. Lakini karta yenyewe inaweza kudanganya. Ile ya Mercator, iliyotengenezwa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, inavuta inchi za kaskazini. Juu yake Greenland inaonekana karibu sawa na Afrika nzima. Kwa kweli Greenland iko na 2,166,000 hivi, ni ndogo kuliko Congo yetu peke yake, na Afrika inaipita mara 14. Kwa kupima eneo sherti karta inayolinda eneo.

Tena mipaka inasogea. Mwaka 2011 Sudani ya Kusini ilijitenga, Sudani ikapoteza nafasi yake ya kwanza, Algeria ikashika ya kwanza na sisi ya pili. Tulipanda bila kuongeza hata mkono mmoja wa udongo. Malawi na Tanzania wangali wanabishana mpaka upite katikati ya ziwa lao ao ukingoni. Na Tanganyika letu, kilometa za mraba 32,900 hivi, inchi nne zimeligawana, sisi tukiwa na sehemu kubwa kupita zote. Mwaka 2024 maji yake yalipanda sana yakaingia katika manyumba ya Uvira, Kalemie na Bujumbura. Katika vitabu eneo la udongo lilibaki lilelile.

Kwetu shida kubwa iko upande wa juu wa mstari. Hesabu ya mwisho ya watu wa inchi yetu ilifanywa mwaka 1984: karibu milioni 31, ni kusema watu 13 kwa kilometa ya mraba. Toka pale ni makadirio tu. Mtu wa mbali akisoma 13 anasema: inchi hii iko wazi, juu ya nini watu wa Kivu wanagombania shamba? Hajui kwamba ile 13 imechanganya milima ya Kabare na Walungu, mahali ndugu wanagawana kipande kimoja cha baba, na mapori ya Tshuapa, jimbo ambalo ukubwa wake ni karibu mara mbili ya Sud-Kivu. Wastani wa inchi kubwa unaficha njaa ya udongo. Hatusemi namba ya inchi nzima itupwe, lakini kwa mambo ya mashamba tunaona heri kuhesabu kwa teritware.

Kwa wenye kupenda kujaribu: Burundi walihesabu watu 8,053,574 mwaka 2008. Eneo lote ni 27,834, udongo mkavu 25,680. Tafuteni majibu mawili, na tofauti yake. Tutayaandika katika namba ijayo.