Mahojiano Yalipogeuka Ugomvi

Jioni ya tarehe 25 Januari, 1988, kampeni za urais wa Marekani zikiwa zimepamba moto, Makamu wa Rais George Bush alihojiwa na Dan Rather wa televisheni ya CBS. Mazungumzo juu ya silaha zilizouzwa Iran kwa siri yalidumu dakika tisa hivi, nayo yakageuka ugomvi mbele ya watazamaji. Kila upande ulimlaumu mwingine.

Wataalamu wa elimu-jamii, akiwamo Emanuel Schegloff, waliuliza swali jingine: ni wapi hasa mahojiano yalipoacha kuwa mahojiano? Ukanda ulisikilizwa tena na tena, maneno yakaandikwa jinsi yalivyotamkwa, pamoja na kusitasita, kimya kilichopimwa kwa sehemu za kumi za sekunde, na mabano mahali sauti mbili zilipogongana. Kazi hiyo huchosha. Lakini sikio pekee husahau upesi.

Kwa kawaida mwulizaji hutanguliza maelezo kabla ya swali, na mhojiwa hunyamaza mpaka swali lifike, hata maelezo yakimchoma. Mwulizaji naye haitikii "naam" wala "ehe" jibu linapotolewa, kwani jibu ni la watazamaji. Desturi hizi hazionekani mpaka zivunjwe. Bush aliingia kati maelezo yakiendelea. Rather naye akaanza kubishana badala ya kuuliza. Punde si punde Bush ndiye aliyeuliza: je, Rather angependa kazi yake yote ipimwe kwa siku ile ya mwaka 1987 alipoondoka kitini, matangazo yakakatika kwa dakika kadhaa?