Mali kauli ilivyoikwamisha kampuni ya michezo

WAFANYABIASHARA wa jumla wa Kondoa wanaosambaza bidhaa kwa mali kauli katika maduka ya Kolo, Pahi na Bereko wana la kujifunza kutokana na soko la michezo ya mezani nchini Marekani. Huko, kampuni iliyoanzisha biashara hiyo na kuiongoza kwa zaidi ya miaka 20 ilikwama wakati maghala yake yakiendelea kutoa mali.

Mchezo wenyewe ni wa kusimuliana. Watu wachache hukaa mezani, mmoja akaongoza hadithi, wengine kila mmoja akachukua nafasi ya mhusika. Dadu huamua nani afaulu. Kinachouzwa ni vitabu vya kanuni. Mchezo wa kwanza wa aina hiyo kuingia sokoni, Dungeons & Dragons, ulitolewa na kampuni ya TSR mwaka 1974 kwa nakala 1,000 tu, kisha ukaenea nchi nyingi.

Ugumu ni kwamba kitabu hakiishi kama sukari. Kama ilivyo kwa ubao wa bao, kimoja hutosha kikundi kizima kwa miaka. Ili iendelee kuuza, TSR ilitoa mfululizo baada ya mfululizo wa vitabu, kila mmoja na ulimwengu wake: Dragonlance, Forgotten Realms, Ravenloft, Dark Sun. Matokeo yake, wateja walewale waligawanyika na kampuni ikawa inashindana na nafsi yake.

Mshindani wa nje alifika mwaka 1993, pale Wizards of the Coast ilipotoa mchezo wa karata uitwao Magic. Karata hizo huuzwa katika pakiti zilizofungwa, na kila mchezaji sharti awe na zake. Mnunuzi wa leo hurudi tena kesho.

Hata hivyo, TSR iliendelea kupeleka mali. Msambazaji wake katika maduka ya vitabu, Random House, alilipa mara alipopelekewa mzigo, lakini alikuwa na haki ya kurudisha usiouzika. Kwa hiyo fedha iliyoonekana kuwa mauzo ilikuwa deni. Mwaka 1996 mizigo mingi ilirudishwa, TSR ikashindwa kumlipa mchapaji, uchapaji ukasimama. Mwaka 1997 ilinunuliwa na mshindani wake, Wizards, ambayo nayo ilinunuliwa na Hasbro mwaka 1999 kwa dola zipatazo milioni 325.

Soko halikufa. Mwaka 2000 Wizards iliruhusu wengine kutumia kanuni zake za msingi bila malipo. Wachapaji wadogo wakaingia, na mmoja wao, Paizo, akatoa mchezo wake wa Pathfinder mwaka 2009, ukawa mshindani mkubwa. Kilichoangusha TSR hakikuwa uhaba wa wachezaji, bali hesabu.

Hesabu hiyo inafanana na ya Kondoa. Chukua mfano wa mfanyabiashara anayepeleka vijijini katoni 20 za sabuni, kila moja kwa Sh. 30,000. Daftari lake linasoma Sh. 600,000. Mwisho wa mwezi zimeuzwa katoni 12, yaani Sh. 360,000. Katoni nane bado ziko kwenye rafu za watu wengine, na Sh. 240,000 ni matumaini tu. Iwapo ameshaagiza mzigo mpya kutoka Dodoma kwa kutegemea 600,000, amekula mtaji wake.

Dawa yake si ngumu. Daftari liwe na safu mbili, moja ya mali iliyopelekwa, nyingine ya mali iliyolipwa na isiyoweza kurudi. Mzigo mpya uagizwe kwa kutazama safu ya pili. Duka lenye katoni ambazo hazijafunguliwa lisiongezewe nyingine, hata kama mwenye duka anaomba. Mali iliyotoka ghalani bado haijauzwa.