Jani la Kitenge kwa Mjomba: Krismasi Tuliyoitengeneza kwa Mikono

Desemba ya mwaka juzi tulikata shauri kwamba hatuendi nyumbani. Tiketi za watu wanne kutoka Uingereza hadi Kilimanjaro wakati wa sikukuu zilitushinda, na mimi, kama wengi wetu tunaofanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee, nilikuwa nimepangiwa zamu hadi tarehe 24.

Aliyezaliwa Uchagani anajua uzito wa maneno "hatuendi nyumbani". Mabasi ya Moshi hujaa, barabara hufurika magari, na hata yule ambaye mwaka mzima hakupiga simu huonekana akishuka na mabegi. Asiyekuja huulizwa: ni mgonjwa, au ana ugomvi na mtu?

Kwangu mimi majibu yalikuwa mawili. La kwanza ni nauli. La pili nilikuwa silisemi.

Ninaishi Coventry na mume wangu na watoto wetu wawili. Wakati huo binti yangu alikuwa na miaka 11 na mdogo wake wa kiume miaka 7. Jioni moja binti alirudi na karatasi ya shule: kila mtoto alete pambo moja la sikukuu kutoka nyumbani kwao. Nikamwambia tutatengeneza. Akanitazama kwa huruma.

"Mama, tununue tu. Ya kutengeneza yanaonekana ya watu wasio na hela."

Sikumgombeza. Nilimwambia akae, nikamsimulia Krismasi ya mama yake.

Pamba chini ya theluji

Kijijini kwetu Kibosho hakuna aliyenunua pambo. Siku chache kabla ya sikukuu baba alikata tawi la msipresi, akalisimamisha ndani ya ndoo ya mchanga sebuleni, na kazi iliyobaki ilikuwa ya watoto. Tulikata vipande vya karatasi za rangi na kuvibandika pete kwa pete hadi vikawa mnyororo wa kuvuka dari. Gundi yetu ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano. Maputo yalifungwa pembeni, na kadi za miaka iliyopita zilitungwa kwenye uzi.

Halafu tulichambua pamba na kuiweka juu ya matawi iwe theluji. Hapo binti yangu alicheka, maana anajua nyumba yetu ilipo. Ukitoka mlangoni asubuhi ambayo mawingu yamefunguka, Kibo iko mbele yako na theluji yake ya kweli, mita 5,895 kwenda juu. Nasi tulikuwa ndani, tunabandika pamba, kwa sababu kadi za Ulaya zilionyesha hivyo.

Pango la Mtoto Yesu tulilitengeneza kwa maganda makavu ya mgomba. Ganda hilo ukililowesha kidogo hulainika. Unalikunja, unalifunga kwa uzi, unapata mchungaji au punda. Aliyekuwa hodari kuliko wote ni kaka yangu mkubwa. Kondoo wake walikuwa na masikio, wangu walifanana na viazi.

"Mjomba yupi?" mwanangu aliuliza. "Yule ambaye hatuongei naye?"

Nikasema twende tukatafute mkasi.

Mezani jikoni

Huku, kufikia saa kumi jioni giza limeshaingia, kwa hiyo muda wa kazi za mikono upo. Tulitandika magazeti mezani na kujiwekea sharti moja: tutumie vilivyomo ndani. Haya ndiyo yaliyotufaa.

*Machungwa makavu.* Kata chungwa vipande vya duara, unene wa nusu sentimita. Vikaushe maji kwa kitambaa, vipange juu ya waya wa oveni, na uviache kwenye joto la nyuzi 100 kwa muda wa saa 3 hadi 4, ukivigeuza kila baada ya nusu saa. Ukiviharakisha kwa moto mkali vinaungua pembeni na katikati vinabaki vibichi. Vikishakauka, ukivinyanyua mbele ya taa vinang'aa kama kioo cha kanisani. Pitisha uzi, ning'iniza dirishani.

*Chungwa la karafuu.* Hili huwapendeza watoto, na nyumba yote hunukia pilau. Chagua chungwa gumu, toboa ganda kwa kijiti cha meno, kisha chomeka karafuu nzima zenye vichwa. Usiwaache watoto wasukume karafuu bila kutoboa kwanza, vidole vitauma. Panga mistari au nyota upendavyo. Libingirishe kwenye mdalasini wa unga, uliweke mahali penye hewa, uligeuze kila siku kwa wiki 2 au zaidi hadi likauke na kuwa jepesi. La kwanza mimi nililifungia kwenye mfuko wa plastiki nikidhani nalihifadhi. Siku ya tano lilikuwa na ukungu wa kijani, tukalitupa.

*Nyota za unga na chumvi.* Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji yapata kikombe 1, ukiyaongeza kidogo kidogo. Kanda kama wa chapati, sukuma, kata nyota kwa kisu au mdomo wa glasi kwa duara, na utoboe tundu la uzi kabla ya kuoka. Oka kwa joto dogo, nyuzi 100 hadi 120, saa 2 hadi 3. Paka rangi zikishapoa. Ziweke mbali na mbwa: chumvi hiyo ni nyingi na humdhuru.

*Minyororo.* Tulitumia mabaki ya vitenge badala ya karatasi. Kata vipande vya sentimita 20 kwa 4, bandika kila kimoja juu ya karatasi ngumu ili kisilegee, kisha ziunganishe pete. Kama mwenye nyumba hataki msumari ukutani, kamba ya kuvuka dirisha kutoka fimbo ya pazia inatosha. Nasi hatuwashi mishumaa karibu na vitu hivi. Taa ndogo za betri zinatosha, na zile za umeme tunazizima kabla ya kulala.

Siku tatu zilipita hivyo. Binti yangu, aliyeanza kwa kukunja uso, alifika mahali pa kumnyang'anya mdogo wake karafuu. Alilopeleka shule ni chungwa lenye nyota. Alirudi akisema mwalimu alilipitisha darasa zima wakalinusa.

Mmea wa dukani

Kilichobaki ni shada la mlangoni. Nilikwenda duka la vifaa vya bustani kutafuta majani ya kijani, na huko, katika mimea ya ndani, kati ya vyungu vya plastiki, nilikutana na mtu wa kwetu. Kibao kilisema *Dracaena fragrans*. Mimi nililiita kwa jina lake: isale.

Nilisimama hapo kwa muda. Mmea ambao nyumbani unaota kwenye kila mpaka wa kihamba, huku unauzwa kwenye chungu kama pambo la sebule. Nikaununua, nikaupakata ndani ya basi kama mtoto.

Watoto walitaka kujua kwa nini mama amerudi na mmea badala ya shada. Nikawaeleza. Kwa Wachaga, masale hupandwa mpakani, na aliyeyapanda hahitaji ukuta. Hupandwa pia penye makaburi ya wazee. Na mtu akimkosea mwenzake hadi maneno yakaisha, huchukua jani la isale, kwetu lilifungwa fundo, akalipeleka au akamtuma mtu wa heshima alipeleke. Maana yake ni kuomba msamaha. Aliyepelekewa isale ni vigumu sana kukataa, hata kama moyo bado unachemka.

Mwanangu alifikiri kidogo. "Basi si umpelekee mjomba?"

Baba yao aliinuka akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka 3 kabla ya hapo nilituma pesa za kuezeka upya jiko la mama. Kaka, ambaye ndiye anayekaa karibu na mama, alizitumia kwa karo ya mwanawe, akisema angezirudisha msimu wa kahawa. Nilipogundua sikumpigia simu. Niliandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, mbele ya mashangazi, wakwe na watoto, maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Kaka alijitoa kwenye kundi usiku ule ule. Tangu hapo tulisalimiana kupitia kwa mama tu.

Katika miaka hiyo yote nilijihesabu mimi ndiye niliyekosewa. Na nilikosewa kweli. Lakini isale lile pale mezani lilinikumbusha kwamba mtu mmoja anaweza kudai na kudaiwa kwa wakati mmoja. Pesa alinikosea yeye. Aibu nilimvisha mimi.

Fundo

Jani bichi halitumwi hivi hivi. Nchi nyingi hudai cheti cha afya ya mimea kabla ya kupokea majani kutoka nje. Tukajaribu kulitengeneza. La karatasi lilichanika kila tulipolifunga fundo. Binti yangu ndiye aliyekwenda kwenye mfuko wa mabaki, akatoa kitenge cha kijani kilichobaki kwenye gauni langu la kipaimara chake.

Kwa atakayetaka kujaribu: kata vipande viwili, urefu wa sentimita 60 na upana wa 6, ukivichonga mwishoni viwe na ncha. Vilaze uso kwa uso, shona pembeni kwa mkono, acha mwanya kwenye shina. Geuza ndani nje kwa kusukuma na mpini wa mwiko, piga pasi, ziba mwanya. Shona mstari mmoja katikati uwe uti wa jani. Kisha funga fundo moja, usilikaze.

Binti yangu alilishona mwenyewe kwa jioni mbili. Mishono haikulingana, na uzi ulikuwa wa buluu kwa sababu wa kijani ulikwisha. Nilitaka kuufumua niurudie. Baba yao akanizuia mkono. "Liache. Ndivyo atakavyojua limetoka kwa watoto."

Mimi niliandika karatasi fupi: "Kaka, habari ya pesa tutaizungumza siku nyingine. Yale niliyoyasema mbele za watu, hayo naomba unisamehe. Mdogo wako." Mwanangu alichora mlima na kuweka pamba kileleni kwa gundi. Dada mmoja wa jumuiya yetu alikuwa anasafiri tarehe 15. Akapokea bahasha, akaiweka katikati ya nguo zake, hakuuliza kitu.

Sikukuu ikafika. Tulikwenda misa ya mkesha, nikapika mtori na ndizi nyama, nyumba ikanukia karafuu. Simu ya Kibosho haikulia. Tarehe 25 nilizungumza na mama. Alisema bahasha ilifika, akabadilisha mazungumzo. Usiku ule sikulala vizuri. Niliwaza kwamba nimewafundisha watoto desturi, halafu desturi imeniangusha mbele yao.

Tarehe 26 saa nne asubuhi simu ililia. Alikuwa kaka, kwa video, amenenepa na mvi zimeingia ndevuni. Hakusema amenisamehe. Alisema mvua zilichelewa. Alisema kahawa si mbaya. Akauliza, "Mdogo wangu, aliyeshona lile jani ana miaka mingapi?" Nikamwita binti. Walipokuwa wanaongea, niliona nyuma yake, ukutani, karibu na kalenda ya parokia: isale la kitenge, limetundikwa kwenye msumari. Fundo lilikuwa limefunguliwa.

Pesa tulikuja kuzizungumza Machi, na hatukukubaliana yote. Lakini tulizungumza sisi wawili, hatukumwita shahidi.

Kwenu wasomaji

Wengi wetu tunawatengenezea watoto sikukuu ya nchi za watu kwa vitu vya dukani, kisha tunalalamika kwamba hawajui kwao. Mezani, mikono ikiwa na gundi, mtoto huuliza maswali ambayo hatayauliza ndani ya gari. Huhitaji kuwa fundi. Anza na chungwa moja na karafuu za kabatini, na umsimulie mlivyofanya nyumbani kwenu, iwe ni Krismasi, Idi au harusi.

Isale letu lipo bado, dirishani pasipopigwa na jua kali, linanyweshewa maji udongo wa juu ukikauka. Mwenye paka au mbwa asiliache wanapofikia, kwa maana likitafunwa huwadhuru. Limerefuka kiasi cha mkono. Mwaka huu nauli tumeshaanza kuiweka akiba, na mwanangu ameuliza kama mjomba atamfundisha kutengeneza kondoo wenye masikio. Nimemwambia ampigie amuulize mwenyewe.