Pikapu ya Gitaa na Nasaba Yake

Neno pikapu likitajwa hapa Karatu, fikira za msikilizaji huendea gari lipandishalo vitunguu kutoka Mang'ola. Lakini pikapu ninayokusudia kuieleza ni kile kidude kikaacho chini ya nyuzi za gitaa la umeme, ambacho ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa mara maelfu, hata uzi wa chuma utetemapo juu yake nguvu ya sumaku hutikisika, na mtikiso huo huzaa katika waya umeme hafifu uendao kwenye spika kuwa sauti.

Juzi mwalimu wa kwaya aliniletea gitaa kuukuu lisilo jina, akitaraji kuambiwa kuwa pikapu zake ni za Gibson, kwa kuwa mtu alikwisha mwapia hivyo. Nilipolifungua kwa bisibisi niliona vichwa vya skrubu za pikapu vimeota manyoya meusi: zilikuwa chembe za chuma zilizomo katika udongo wetu huu mwekundu, uliozaliwa na volkeno za Ngorongoro, ambazo vumbi huzichukua na sumaku huzinasa. Niliziondoa kwa utepe wa gundi, maana kitambaa huzisukumia ndani kwenye waya.

Watafutao nasaba ya pikapu aghalabu huanza na kibandiko, nami sioni dalili iliyo dhaifu kuliko hiyo. Seth Lover wa Gibson, aliyeoanisha koili mbili zipingane ili mvumo wa umeme ufutike na sauti ya nyuzi ibaki, aliomba hataza mwaka 1955 akapewa 1959, mwaka ule ule Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti. Na katika muda wa kungoja, pikapu zake zikaanza kubandikwa maneno ya kuarifu kuwa hataza imeombwa, maneno ambayo leo hughushiwa kwa ajili ya thamani yake. Kibandiko kilichofuata kilikuwa na nambari 2,737,842, nayo, ajabu, si hataza ya pikapu hata kidogo, bali ni ya kishikio cha nyuzi alichokibuni Les Paul. Kwa pikapu za Fender shahidi bora ni bamba la chini, jeusi hadi karibu na 1964, kijivu baadaye.

Sumaku yenyewe hunena zaidi, na habari zake zatuhusu sisi wasemao Kiswahili. Alniko, ile sumaku ya rangi ya fedha iliyofifia, ni chuma kilichochanganywa na alumini, nikeli na kobalti. Na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilichimbwa Katanga, ikasafishwa Likasi, mji ule ule ambao Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mwaka 1952 akilipiga gitaa lisilojua umeme. Vita vilipoingia Kolwezi mwezi Mei 1978 bei ya kobalti ilipaa, na watengeneza sumaku wengi wakaigeukia ferite, iliyo nyeusi kama mkaa na isiyohitaji kobalti. Hata hivyo weusi wa sumaku hauthibitishi kuwa pikapu ni ya baada ya mwaka huo, kwani Larry DiMarzio alikuwa akiitumia ferite tangu miaka ya mwanzo ya 1970.

Sumaku za gitaa la mwalimu zilikuwa nyeusi, na bamba lishikalo shingo, nilipolikwangua rangi, lilikuwa na jina la Japani. Hilo peke yake halikutosha, kwa sababu pikapu huhamishwa kutoka gitaa moja hadi jingine. Ithibati niliipata kwenye lehemu, iliyokuwa laini, yenye vumbi la miaka, bila alama ya kuyeyushwa mara ya pili, nikayakinika kuwa pikapu na gitaa vimetoka pamoja kiwandani. Mwalimu alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama fundi aweza kutia nyingine zilizo mpya. Nikamwomba asimruhusu mtu kuigusa lehemu ile, nikalifunga gitaa.