Si Kila Kijidudu Chekundu ni Kifua Kikuu

Kila ifikapo tarehe 24 Machi ulimwengu huadhimisha Siku ya Kifua Kikuu, kwa kuikumbuka siku ile ya mwaka 1882 ambapo Daktari Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekigundua kijidudu kinacholeta maradhi hayo. Siku hiyo wananchi wa visiwani huhimizwa, na ni haki wahimizwe, waende hospitali kupimwa makohozi pindi kikohozi kinapozidi wiki mbili. Nasaha hiyo sisi hatuipunguzi hata chembe. Lakini liko jambo ambalo halisemwi mara nyingi, nasi tunaona wakati umewadia lisemwe hadharani: kijidudu cha kifua kikuu kina jamaa zake wengi, na baadhi ya jamaa hao nao huwadhuru watu.

Wataalamu huwaita vijidudu wa ukoo huu mikobakteria. Ukiwaondoa wale wa kifua kikuu na wa ukoma, wamekwisha kutambuliwa aina zaidi ya 150 nyingine. Hawa makazi yao si mwili wa mwanadamu. Huishi udongoni, mitoni, baharini, na hata ndani ya mabomba ya maji, ambamo hujijengea utando wa utelezi na kustahimili dawa ya klorini inayowaua vijidudu wengine. Watu wengi hukutana nao kila siku pasipo kudhurika. Wanaodhurika aghalabu ni wale ambao mapafu yao yaliwahi kuharibiwa na maradhi, kikiwamo kifua kikuu chenyewe, au wale ambao kinga yao ya mwili imepungua sana.

Tatizo lenyewe linaanzia kwenye darubini. Mpimaji huyapaka makohozi rangi nyekundu, kisha huyaosha kwa tindikali. Kijidudu cha kifua kikuu huishika rangi ile kisiiachie; na kwa bahati mbaya, jamaa zake nao hufanya vivyo hivyo. Mbele ya jicho la mpimaji wote ni vijiti vyekundu, na hata akiwa hodari namna gani hawezi kuapa kwamba hiki ni hiki na kile ni kile. Kosa si lake; huo ndio mpaka wa chombo alichopewa.

Basi tutafakari yanayomfika mgonjwa. Ataandikiwa dawa za kifua kikuu kwa miezi sita. Jamaa zake watamtengea kikombe na sahani, ilhali maradhi yaletwayo na vijidudu hawa kwa kawaida hayaambukizi kutoka mtu hadi mtu. Na kwa kuwa dawa zile mara nyingi hazitoshi kuwaondoa, kikohozi kitabaki palepale. Hapo ndipo dhuluma inapoingia. Mgonjwa ataambiwa kwamba hakumeza vidonge kama alivyoagizwa, au atahesabiwa miongoni mwa wenye kifua kikuu sugu, apewe dawa kali zaidi kwa maradhi asiyokuwa nayo. Wala hili si jambo la kufikirika tu. Utafiti uliofanywa Tanga, ng'ambo ya pili ya mkondo wetu, na kuchapishwa mwaka 2016, uliwakuta vijidudu hawa kwa takriban mtu mmoja kati ya kila kumi walioshukiwa kuwa na kifua kikuu. Na baadhi yao walikuwa wakitibiwa kifua kikuu.

Sisi watu wa bahari tunalo pia la kwetu. Mwaka 1903, huko huko Berlin, aina moja ya vijidudu hawa iligunduliwa katika mapafu ya kasa. Aina hiyo na jamaa zake wa karibu ndizo ambazo, pale vyombo vya tiba vinapooshwa kwa maji yasiyo safi, huleta majipu yasiyopona mahali palipochomwa sindano au kupasuliwa. Aina nyingine huwapata samaki, na humwingia mtu penye mchubuko. Mvuvi huchomwa na mwiba wa pezi, au mama hujikata akipara samaki. Jeraha hufunga, na baada ya wiki kadhaa hutoka kivimbe kidoleni, pengine kikafuatwa na vingine kuupanda mkono. Kijidudu hiki hupenda ubaridi wa kiasi cha nyuzi 30, ndiyo maana hukaa mikononi na miguuni. Maabara ikimwotesha kwa joto la mwili, yaani nyuzi 37, huenda isimwone kabisa. Tiba yake ipo, nayo huchukua miezi. Lakini tabibu asiyeuliza, "Ndugu, kazi yako nini?" atampa mgonjwa malhamu baada ya malhamu bila ya mafanikio.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wakuu wa afya. Kwanza, kipimo cha GeneXpert, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipitisha mwaka 2010 na ambacho hutambua nasaba ya kijidudu cha kifua kikuu peke yake, kimfikie kila mshukiwa, wa shamba kama wa mjini. Darubini ikionesha vijiti vyekundu na kipimo hiki kikakana kifua kikuu, hiyo iwe ishara ya kuchunguza zaidi, wala si ya kumrudisha mtu nyumbani. Pili, iwepo njia ya uhakika ya kuotesha makohozi na kuitambua aina ya kijidudu. Na kwa kuwa vijidudu hawa wamo hata majini, makohozi yapimwe zaidi ya mara moja kabla ya kukata shauri. Pemba inayo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri tangu mwaka 2000. Msingi wa kujengea upo. Tatu, vyombo vya tiba vichemshwe kwa mvuke wa mgandamizo, visitegemee kusuuzwa kwa maji ya bomba.

Kwa upande wetu wananchi, kikohozi kisifichwe, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Aliyeanzishiwa dawa asiziache kwa sababu amesoma makala haya; lakini akizimeza sawasawa na asipate nafuu, ana haki ya kurudi na kuomba apimwe upya. Na wenzetu wa dikoni wenye mchubuko waufunike kabla ya kushika samaki, wauoshe kwa sabuni, na wamwambie tabibu kwamba wao ni watu wa pwani.

Serikali imetumia fedha na jasho jingi kupambana na kifua kikuu. Jasho hilo litapotea bure kwa yule anayepigana na adui ambaye hakutajiwa jina lake. Mgonjwa aliyemeza vidonge vyake vyote asiambiwe mwongo kabla ya makohozi yake kusemeshwa yakasema kweli.