Kunukuu maneno ya mwenzio kuna adabu yake

Ndugu sita wa jamaa moja ninayoijua hapa Nairobi walikuwa wakijadiliana kwa barua-pepe juu ya gharama za kumtibu mama yao. Dada yao aliye Uingereza akaandika: "Siwezi kuchangia mwezi huu, lakini mwezi ujao nitalipa nusu ya gharama zote."

Kaka mkubwa alinukuu maneno manne tu, "Siwezi kuchangia mwezi huu", kisha akamkemea mbele ya wote. Wale ambao hawakuwa wameisoma barua ya kwanza waliamini kwamba dada amemtupa mama. Mama alipona, lakini wawili hao hadi leo hawasalimiani.

Msomaji, hasira ni ya kila mtu. Kosa la kaka huyu ni kuyakata maneno ya mwenzake yakageuka maana.

Jambo hili si geni. Mnamo Oktoba 1995, Sally Hambridge wa kampuni ya Intel, Marekani, alitoa mwongozo wa adabu za intaneti ambao ungali unafaa. Unasema kwamba ukipeleka maneno ya mtu kwa wengine, usiyabadilishe. Unaweza kuyafupisha, mradi utaje ni ya nani. Na kama barua ilikuwa yako binafsi, omba ruhusa kwanza kabla ya kuisambaza kwa kikundi.

Mwongozo huo pia unashauri kunukuu kiasi cha kueleweka tu. Wanafunzi wengi hurudisha barua nzima, kurasa tatu, kisha wanaongeza "Sawa" mwishoni. Anayesoma ataitafuta hiyo "Sawa" hadi achoke! Chukua sentensi unayoijibu, iwe kamili pamoja na "lakini" yake, kisha andika jibu lako chini yake. Kwa kawaida alama ya > mwanzoni mwa mstari huonyesha kwamba maneno hayo ni ya mwenzako, si yako.

Mwisho, kabla ya kubonyeza, tazama barua inakwenda kwa nani. Kumjibu mmoja na kuwajibu wote ni mambo mawili tofauti. Lawama mpelekee mhusika peke yake. Shukrani waweza kuitoa hadharani.

Na ukiwa na hasira, iache barua hiyo hadi asubuhi. Maji yakimwagika hayazoleki.