Kwa Nini Mmenyuko Mmoja Huenda Mbio na Mwingine Hukawia

Mkaa uliomo ndani ya gunia umezungukwa na oksijeni usiku na mchana, na bado hauungui mpaka uwashwe, kwa kuwa vitu viwili kukutana hakutoshi kuleta mmenyuko wa kikemikali, yaani badiliko linalozaa kitu kipya. Molekyuli, ambazo ni chembe ndogo mno zinazounda vitu vingi, hazina budi kugongana kwa nguvu inayotosha kuvunja vifungo vya zamani, na kiwango cha chini cha nguvu hiyo huitwa nishati ya uamshaji. Kasi ya mmenyuko hutegemea migongano inayovuka kiwango hicho kila sekunde.

Anayepepea jiko huongeza oksijeni inayoufikia mkaa, na anayepasua gogo huongeza uso unaokutana na hewa, hivyo migongano huzidi na moto hukolea.

Suala la joto lina undani zaidi, na mara nyingi huelezwa nusunusu. Ni kweli kwamba molekyuli zikipata joto huenda mbio zaidi, lakini kutoka nyuzi 27 hadi 37 za Selsiasi mwendo wao wa wastani huongezeka kwa chini ya asilimia 2, ilhali kasi ya mimenyuko mingi hukaribia maradufu. Mwanakemia wa Uswidi, Svante Arrhenius, alilieleza jambo hilo mwaka 1889: molekyuli zenye nguvu ya kutosha huwa chache sana, na ongezeko dogo la joto huzidisha hizo chache kwa kiasi kikubwa.

Kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko, hakiongezi nguvu, bali hufungua njia nyingine yenye nishati ya uamshaji iliyo chini zaidi, nacho chenyewe hakimaliziki. Haidrojeni peroksaidi ya kuoshea vidonda hukaa chupani kwa miezi, lakini ikidondoshwa juu ya kiazi kibichi kilichokatwa hufura povu jeupe papo hapo, kwa sababu katalesi, ambayo ni kimeng'enya, yaani kichocheo kinachotengenezwa na viumbe hai, huigawanya kuwa maji na oksijeni. Kiazi kilichochemshwa hakitoi povu, maana joto kali limekwisha kuharibu umbo la kimeng'enya hicho.

Dawa za vidonge nazo huchakaa kwa mimenyuko inayoharakishwa na joto, kwa hiyo paketi inayoagiza zihifadhiwe chini ya nyuzi 30 itiiwe, na zisiachwe dirishani penye jua wala ndani ya gari lililoegeshwa juani.